Uduvi wa ziwani: majibu kwa wasomaji

Barua nyingi za safari hii zimeuliza juu ya uduvi wa Ziwa Victoria, wale kamba wadogo wanaonaswa pamoja na dagaa. Nimechagua tano.

Shikamoo mwalimu. Tukianika dagaa tunakuta uduvi wengi ndani yake. Je, ni watoto wa kamba wakubwa? (Ukerewe)

Marahaba. Wengi wao wamekwisha kukomaa. Ni aina ya peke yake, Caridina nilotica kwa jina la kitaalamu, na mkubwa wao hupata kama sentimita 2 au 3 tu. Mchukue mmoja mbichi umtazame chini ya tumbo. Ukiona kishada cha mayai, huyo ni mama, si mtoto.

Wanakuaje, wanazaaje, na wana msimu? (Musoma)

Uduvi ana gamba gumu lisilotanuka, kwa hiyo hawezi kukua bila kulivua. Hulivua, mwili ukiwa laini huongezeka, kisha gamba jipya hukauka. Akiwa mchanga hujivua mara kwa mara, na kadiri anavyozeeka ndivyo anavyokawia. Maji yakiwa ya vuguvugu na chakula kipo (mwani, mabaki ya mimea, vijidudu vya matopeni) hukua upesi.

Jike hupandwa punde tu baada ya kuvua gamba. Mayai hayaachi majini kama samaki wengi wafanyavyo. Huyagandisha kwenye vijiguu vya chini ya tumbo, akawa anavipepea usiku na mchana ili mayai yapate hewa na yasiote ukungu. Mimi huyu mama hunigusa kila nikimtazama kwenye kioo cha kukuzia. Jike kubwa hubeba mayai mengi kuliko dogo, kwa hiyo kuwamaliza wakubwa ni kupunguza kizazi kijacho. Wanaoanguliwa huelea kwanza majini, wakijivua gamba mara kadhaa, ndipo wapate umbo la wazazi wao.

Msimu? Katika ziwa letu la joto, majike wenye mayai huonekana mwaka mzima.

Kwa nini tunawapata usiku tu? (Kisumu)

Huko kwenu mnawaita ochonga. Kwenye maji ya kina, mchana hukaa chini gizani, mahali ambapo samaki anayewinda kwa macho hawaoni vizuri. Giza likiingia hupanda juu, wakakutana na taa na nyavu zenu za dagaa. Isitoshe, huvumilia maji yenye oksijeni kidogo kuliko samaki wengi, na hilo huwapa maficho zaidi.

Mzee wangu anasema zamani hawakuwa wengi hivi. Ni kweli? (Bukoba)

Mzee wako anakumbuka vizuri. Sangara waliingizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, wakaja kufurika miaka ya 1980. Waliwamaliza furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa, kwa wingi wa kutisha, na furu walikuwa wakila uduvi na pia kugombea nao chakula cha chini. Furu walipopungua, uduvi wakaongezeka mno. Sangara naye akawageukia: sangara mchanga hulelewa na uduvi, na hata mkubwa huwala pale samaki wanapoadimika. Ndiyo maana huniuma kuona uduvi wakimwagwa ufukweni kama takataka. Kama wameshanaswa, waanikeni, kuku na samaki wa bwawani wanawahitaji. Na matete ya ukingoni msiyafyeke, humo wadogo hujificha.

Nataka kufuga kamba wakubwa wa maji baridi. Watazaliana bwawani kama sato? (Morogoro)

Hawatazaliana. Yule anayefugwa sana duniani, Macrobrachium rosenbergii kutoka Asia, huishi mtoni, lakini watoto wake wanahitaji maji yenye chumvi kiasi, karibu theluthi ya chumvi ya bahari. Jambo hilo liligunduliwa Malaysia mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Shao-Wen Ling, na ndilo lililofungua njia ya ufugaji wake. Bila kituo cha kuangulia utanunua vifaranga kila mara. Uulize kwanza idara ya uvuvi kama anaruhusiwa, na usimwachie hata mmoja atoroke mtoni. Naivasha waliletewa kamba wa Marekani mwaka 1970, akala majani ya majini ya ziwa zima.