Barua kwa mwanangu: mbona ukuta hauonyeshi uso

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unasema tangu upake sebule chokaa kuna jambo linakusumbua: ikiwa ukuta mweupe hurudisha nuru nyingi, karibu sawa na kioo, mbona kioo kinakuonyesha uso wako, nao ukuta haukuonyeshi kitu?

Anzia jikoni. Sufuria mpya hukuonyesha uso, japo umepindapinda. Isugue kwa mchanga na majivu siku chache, uso utapotea, ingawa sufuria yenyewe imebaki nyeupe. Nuru inayorudi haikupungua sana. Kilichovurugika ni mpangilio wake. Mwali wa nuru ukigonga kitu huruka kwa pembe ile ile uliyojia, kama mpira unaodundishwa sakafuni, na juu ya kioo miali yote iliyotoka usoni pako huruka bila kupotezana hadi ikufikie machoni. Chokaa, hata ukiipapasa ukaiona laini, ina punje na vishimo vikubwa kuliko wimbi la nuru, ambalo urefu wake haufiki sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo miali hurukaruka humo ikatoka imetawanyika kila upande. (Masizi yaliyo chini ya sufuria ni habari nyingine: hayo huimeza nuru karibu yote.)

Usidhani kutawanyika huko ni kasoro. Ndiko kunakokuwezesha kuuona ukuta popote utakapoketi chumbani. Ibn al-Haytham, mwanasayansi mzaliwa wa Basra huko Iraki, alilieleza hilo akiwa Misri yapata miaka 1000 iliyopita: kila nukta ya kitu kilichoangazwa hutoa nuru kuelekea pande zote, na jicho huipokea tu, wala si jicho linalotupa miali kama walivyoamini wengi kabla yake.

Mimi nililielewa vizuri zaidi ndani ya basi, usiku mmoja tukitoka Tanga, nikiwa nimeketi mbele karibu na dereva. Lami kavu ina mikwaruzo, hivyo sehemu ya mwanga wa taa za gari humrudia dereva mwenyewe. Mvua iliposhika, maji yalifunika mikwaruzo ile, barabara ikawa kioo kinachotupa mwanga mbele, mbali nasi. Taa za malori yaliyotujia zilijichora ndefu juu ya maji, lakini barabara yenyewe hatukuiona tena, na dereva akapunguza mwendo hadi tukawa tunatambaa.

Mama yako