Maswali na Majibu: Kuwahi Kabla Ukomo wa Bajeti Haujapangwa

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa vikundi na azaki (asasi za kiraia) ndogo za mikoani. Nyingi zinalalamikia jambo moja: tunaitwa, tunasikilizwa, tunapigiwa makofi, kisha mpango unatoka bila hata mstari mmoja wetu. Tumechagua saba.

Juni tuliitwa kutoa maoni mbele ya kamati ya Bunge. Tuliomba fedha za ugani ziongezwe. Walitupokea vizuri, lakini hakuna kilichobadilika. Tulikosea wapi? (Azaki ya wakulima, Iringa)

Hoja yenu haikuwa na kasoro. Mlikosea mwezi.

Mwaka wa fedha wa Tanzania unaanza Julai 1, lakini kazi ya kuupanga inaanza mapema sana. Mwezi Novemba serikali hupeleka bungeni mapendekezo ya mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata, pamoja na mwongozo wa kuandaa mipango na bajeti. Mwongozo huo ndio unaoziongoza wizara, mikoa na halmashauri, na kila fungu huwekewa ukomo wake, yaani kiwango cha juu cha fedha. Ukomo ukishawekwa, anayetaka kuongezewa lazima aonyeshe nani apunguziwe. Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, na hotuba ya bajeti kuu husomwa katikati ya Juni. Zinabaki wiki mbili tu.

Kuna kizuizi kingine ambacho azaki nyingi hazikijui. Ibara ya 99 ya Katiba hairuhusu Bunge kushughulikia pendekezo la kuongeza kodi au kuongeza matumizi ya fedha za umma mpaka Rais awe amelipendekeza kupitia kwa waziri. Mbunge anaweza kuhoji, kushauri na kuibana serikali, na Kamati ya Bajeti hujadiliana nayo, lakini nyongeza lazima itoke upande wa serikali. Mliwaomba waheshimiwa kitu kisicho mikononi mwao.

Mwaka huu andikeni Septemba, tena kwa idara ya sera na mipango ya wizara ya kilimo. Kurasa mbili zinatosha: tatizo, kasma (mstari wa matumizi) ya bajeti inayohusika, kiasi kilichotengwa miaka miwili iliyopita, kiasi kilichotolewa kweli, na kiasi mnachopendekeza. Hapo kwenye tofauti kati ya kilichotengwa na kilichotolewa pafanyieni kazi zaidi. Mara nyingi tatizo ni fedha zilizopitishwa kutofika, na kuomba nyongeza juu ya fedha zisizofika hakumsaidii mkulima. Aprili na Mei ongeeni na kamati ya Bunge ya kisekta. Juni ibakizeni kwa Muswada wa Sheria ya Fedha, yaani kodi na tozo. Huko pelekeni jedwali la safu nne: kifungu, maneno yaliyomo, maneno mnayopendekeza, na sababu pamoja na athari kwa mapato. Kamati ina wadau wengi na siku chache. Jedwali litasomwa, risala ndefu itawekwa pembeni.

Kila mwaka tunataja zahanati kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kila mwaka haimo kwenye bajeti ya halmashauri. (Kikundi cha wanawake, Kilosa)

Anzeni na muhtasari wa mkutano. Je, zahanati imeandikwa, na ni kipaumbele cha ngapi? Kama imeandikwa tu kwamba "wananchi walitaja maji, barabara, zahanati na shule", aliye ngazi ya kata hana la kufanyia kazi. Kwa sheria mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, hivyo msingoje kikao cha Desemba. Pitisheni azimio mapema, hesabuni mikono, idadi iandikwe, mwenyekiti na mtendaji wasaini, nanyi mbaki na nakala.

Hatua ya pili ndiyo inayoangusha vijiji vingi. Kamati ya maendeleo ya kata hupokea vipaumbele vya vijiji vyote. Vijiji vitano vikileta zahanati tano, hakuna kata itakayopitisha zote. Kaeni na vijiji jirani kabla ya kikao hicho mkubaliane ijengwe wapi kwanza, na ninyi mtakaongoja mtaungwa mkono katika jambo gani. Makubaliano hayo nayo yaandikwe.

Pelekeni pia mchango wenu kwa vipimo: ekari za kiwanja chenye hati ya kijiji, tripu za mawe na mchanga, idadi ya matofali. Lakini tunawasihi msianze kujenga kabla halmashauri haijaandika kwamba itamalizia. Maboma yaliyoishia kwenye linta na kuota nyasi yamejaa nchini, na kila moja lilijengwa kwa jasho la watu maskini. Jambo la mwisho: ulizeni kama ombi la mganga na muuguzi limo kwenye ikama, yaani orodha ya watumishi wanaohitajika, ya mwaka huo. Mishahara hupangwa kando na ujenzi. Jengo linaweza kukamilika Machi likakaa limefungwa mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyeomba watumishi.

Serikali inasema umaskini umepungua, sisi hatuoni. Tuzipinge takwimu hizo? (Kijana wa mtandao wa azaki, Singida)

Zisomeni vizuri kwanza. Kwa Tanzania Bara, Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya ulionyesha umaskini wa mahitaji ya msingi ulishuka kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi 26.4 mwaka 2017/18. Hizo ni pointi 1.8 kwa miaka sita. Katika kipindi hicho watu waliongezeka, kwa hiyo asilimia inaweza kushuka huku idadi ya maskini ikipanda. Vijijini ilikuwa asilimia 31.3, mijini 15.8. Kipimo chenyewe kilikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Anayepata 51,000 hahesabiwi maskini, ingawa ugonjwa mmoja wa mtoto unamrudisha chini.

Takwimu za serikali zenyewe, basi, zina hoja nzito ya kuwatetea watu wa vijijini. Zitumieni. Zinachokosa ni kijiji chenu, kwa kuwa utafiti wa sampuli haushuki hadi huko. Pengo hilo mnaweza kuliziba: tembeeni kwenye vituo vyote vya maji vya kata, andikeni kinachotoa maji na kilichokufa, tarehe na umbali wake. Elezeni mlivyohesabu na ni nani aliyehesabu. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yaliwatia wengi hofu ya kuchapisha chochote. Yale ya 2019 yaliyalegeza masharti hayo. Msiziite takwimu zenu rasmi, na msifiche mbinu mliyotumia.

Halmashauri inakataa kutupa kitabu cha bajeti. (Mratibu wa azaki, Lindi)

Tumieni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ombi liwe la maandishi, litaje waraka wenyewe na mwaka wa fedha, na liwekwe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Wana siku 30 za kujibu. Kwa kuwa haki hiyo imetolewa kwa raia, ombi lisainiwe na mwanachama kwa jina lake, si kwa jina la azaki peke yake. Wakikataa, ombeni mkuu wa taasisi aupitie uamuzi huo.

Katika warsha za sera huitwa azaki kubwa zilezile za mjini. Nani amezipa ruhusa ya kuwasemea maskini? (Msomaji, Kigoma)

Swali hili lina umri wa mkakati wa kwanza wa umaskini wenyewe. Mwaka 2000 Tanzania iliandaa mkakati wa kupunguza umaskini ambao ulikuwa sharti la kusamehewa madeni. Warsha za kanda za Mei mwaka huo zilikuwa na washiriki 804: wanavijiji 426, madiwani 215, wakurugenzi watendaji 110, na watu 53 tu kutoka azaki. Wanawake kati ya wote walikuwa 180. Kwa maandalizi ya MKUKUTA (Mkakati wa Kukuza Uchumi na Kupunguza Umaskini Tanzania) wa 2005 mashauriano yalipanuliwa na kufika vijiji 168: vinne katika kila wilaya, wilaya mbili kwa kila mkoa, mikoa 21. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini kuulizwa mara moja si sawa na kushiriki, kwa sababu aliyeulizwa hakurudishiwa jibu.

Azaki ya mjini si adui. Inasoma lugha ya bajeti na iko karibu na wizara. Mnachopaswa kudai kwake ni masharti: rasimu ya waraka iwafikie walau siku kumi kabla, kwa Kiswahili, ionyeshe hoja ipi imetoka wilaya ipi, na baada ya kikao mpewe orodha ya yaliyokubaliwa, yaliyokataliwa na sababu. Posho nayo isemwe wazi. Mjumbe akichaguliwa kwa zamu ya posho badala ya kujua jambo linalojadiliwa, kiti chenu kimekaliwa lakini hakisemi.

Niko kaunti ya Kilifi, Kenya. Nishiriki lini? (Msomaji)

Kwenu sheria imetaja tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha Februari 28, makadirio Aprili 30. Ukomo wa kila sekta unawekwa kwenye ule waraka wa Februari, na bunge la kaunti lina siku 14 tu za kuujadili. Mwoneni mwakilishi wadi wenu Januari.

Tulifuatilia fedha za madarasa tukatangaza kwamba zimeliwa. Mkurugenzi akatoa hati zake, tukaumbuka. (Kamati ya ufuatiliaji; jina la wilaya tumelihifadhi)

Bila shaka mlilinganisha bajeti na jengo, mkaruka kilicho katikati. Tuseme zilitengwa milioni 60, zikatolewa 35, na kazi iliyoonekana ina thamani ya 33. Ukitazama 60 na 33 unaona wizi. Ukitazama 35 na 33 unaona kazi iliyofanyika, na swali linahamia kwa aliyezuia milioni 25. Angalieni pia fedha zilizoingia Juni zikatumika Agosti kama bakaa, yaani salio la mwaka uliopita.

Ripoti ijayo ipelekeni kwa mkurugenzi ikiwa rasimu, mpeni siku 14, na jibu lake lichapwe ndani ya ripoti neno kwa neno. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilishwa bungeni Aprili. Tafuteni kama imeitaja halmashauri yenu kabla hamjaitisha mkutano wa wananchi.