Kusomea sera za bahari ukiwa Kisumu

Ndugu, umeuliza kama aliyesomea uvuvi hapa Kisumu anaweza kuwa mhadhiri wa sera za bahari. Anaweza, na si lazima ahamie Mombasa kwanza, kwani mkutano wa uchumi wa buluu (yaani uchumi unaotegemea maji na rasilimali zake) uliofanyika Nairobi mnamo Novemba 2018 ulijumuisha maziwa na mito, na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya ina kituo papa hapa. Katika uzamili, chunguza ni nani hasa huamua vizimba vya samaki viwekwe wapi ziwani: kamati zinazosimamia fukwe za wavuvi kama ule wa Dunga hapa Kisumu, kaunti, au mwenye mtaji (mimi ningeanza na huyu wa mwisho). Uzamivu ndipo uchambue Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao wanabiolojia wengi huupitia juujuu tu.