Anza na Sukari Unayoinywa

Msomaji mmoja ameniuliza nilifanyaje hadi kipimo changu cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, kikashuka kutoka 6.2 hadi 5.5. Namjibu hapa hadharani, maana najua mko wengi mnaolitaka jambo hilohilo.

Kipimo hicho kikiwa kati ya asilimia 5.7 na 6.4, huitwa hali ya kuelekea kisukari. Kilichonisumbua mimi hasa ni kichwa. Nikinywa soda au juisi nachangamka, halafu akili inazima. Nasoma ukurasa mzima nisiambulie kitu. Nilipoacha, ndugu zangu walisema najidai. "Ubongo unakula sukari, wewe unaunyima?" Maneno yale yaliniuma, na bado yananiuma.

Ni kweli ubongo, ambao ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia takriban asilimia 20 ya nishati yake, na chakula chake kikuu ni glukosi, yaani sukari iliyomo kwenye damu. Lakini glukosi hiyo hupatikana kwenye wanga wa kawaida, na tusipokula ini huitoa kwenye akiba. Hakuna ubongo unaodai soda.

Sukari ya mezani ni nusu glukosi, nusu fruktosi. Fruktosi kazi yake kubwa huishia kwenye ini, na ikizidi hugeuzwa mafuta. Ini likijaa mafuta, insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, haisikilizwi tena ipasavyo. Tena sukari ya kunywa haishibishi: mtu anamaliza chupa, kisha anakula sahani yake yote kama kawaida.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25, vijiko 6 vya chai. Kopo moja la soda la mililita 330 hubeba takriban gramu 35! Na asali imo kwenye hesabu hiyo, juisi halisi pia. Tunda zima halimo, na nyuzinyuzi zake huichelewesha sukari kuingia kwenye damu.

Basi acheni kuinywa sukari, ndugu zangu. Kunyweni maji. Mkishakula tembeeni kidogo, misuli iitumie glukosi ile. Msidanganywe na neno "asilia" kwenye chupa. Ila anayetumia insulini au vidonge vya kisukari azungumze kwanza na daktari wake, kwa sababu akipunguza sukari huku dozi ikibaki ileile, sukari ya damu inaweza kushuka hadi akazimia.