Ukisoma Yeremia 29, usianzie mstari wa 11

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, mstari huo huna haja ya kuutafuta. Umeandikwa nyuma ya taksi, juu ya milango ya maduka, kwenye kadi za harusi, na asubuhi hakosi mtu wa kukutumia kwenye WhatsApp pamoja na picha ya maua: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Ni mstari mzuri, sina ugomvi nao. Lakini mtu aliyechoka na maisha akiniomba ushauri wa kusoma, namwambia azime simu, atafute Biblia ya karatasi, asome sura nzima. Akimaliza arudi nyuma asome na ya 28.

Mstari wa 10, ule ambao haumo kwenye picha za maua, unataja miaka sabini ambayo lazima itimie kwanza ndipo mateka warudishwe kwao. Sura hiyo ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia watu waliochukuliwa mateka mpaka Babeli pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 kabla ya Kristo. Barua wanaipeleka wajumbe wawili, Elasa na Gemaria, ambao mfalme Sedekia alikuwa anawatuma huko kwa Nebukadreza. Naipenda habari hiyo ndogo ya wajumbe, maana sisi wa hapa tunajua ilivyo kutafuta mtu anayevuka mpaka ili umpe bahasha ya ndugu yako.

Na katika sura ya 28 yumo nabii mwingine, Hanania. Huyo alisimama hekaluni akatangaza kwamba miaka miwili tu, vyombo vya hekalu vitarudi, mfalme atarudi, mateka wote watarudi. Yeremia akamwitikia "Amina," yaani naye angependa iwe hivyo. Baadaye alimrudia kumwambia kwamba BWANA hakumtuma. Mwaka uleule, mwezi wa saba, Hanania akafa.

Akina Hanania mjini kwetu tunao wengi. Tangu vita iingie Januari 2025 nimesikia tarehe ngapi! Pasaka mambo yataisha. Pasaka ikapita, ikawa 30 Juni, siku ya uhuru wetu. Ikapita, ikawa Noeli. Mtu anafunga, anakesha kwenye chumba cha maombi, anatoa sadaka ya pesa aliyoiwekea mtoto shule, tarehe inafika, hakuna kitu. Anayeumia si nabii, yeye ana tarehe nyingine tayari. Anayeumia ni yule mama ambaye siku inayofuata hana hata nguvu ya kwenda kuchota maji.

Mimi Yeremia nilimsoma kwa sababu ya kukosa la kufanya. Siku zile za mwisho wa Januari umeme ulikatika, maji yakakatika, na intaneti nayo ikaondoka. Tulilala chini, magodoro tumeyasimamisha dirishani. Simu zimekufa, kwa hiyo hakuna mstari wa siku wala habari za uongo za makundi. Nyumbani kulikuwa na Biblia ya marehemu baba, ile ya Union Version, jalada lake limeshikwa na skochi. Vitabu vya shule ninavyofundishia. Na riwaya chache za Kifaransa. Mchana, milio ikipungua, nilikuwa nasoma kwa sauti. Msidhani ni uchaji. Watoto walihitaji kusikia sauti nyingine, basi. Na nikachagua Yeremia kwa kuwa ni ndefu, ina sura 52, na hakuna aliyejua tutakaa ndani mpaka lini.

Koko, bibi wa jirani, alikuwa amehamia kwetu kwa sababu nyumba yake ni ya mbao na risasi haibishi hodi kwenye mbao. Alikuwa anasikiliza ameegemea gunia la makaa, macho amefumba, nikidhani amelala. Nilipofika mstari wa kumi akanisimamisha.

"Eh Profu, rudilia pale. Miaka ngapi?"

"Makumi saba, Koko."

"Makumi saba? Si tutakuwa tulishakufa!"

"Njo vile barua inasema."

Akafikiri. "Basi huyu njo anasema kweli. Bale bengine banatudanganyaka."

Sikutegemea jibu hilo. Nilidhani miaka sabini itamvunja moyo, kumbe ilimtuliza. Kwa mara ya kwanza tangu milio ianze, mtu alikuwa amemwambia habari mbaya bila kuipaka sukari. Na mtu anayekwambia ukweli mbaya, akikwambia na zuri, unamsadiki.

Maana barua ina mazuri, ila yamekaa mahali ambapo hatuyatazami. Mstari wa 5: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Wa 6 unaendelea na kuoa na kuzaa. Wa 7 ndio mgumu kuliko yote, wauombee amani mji ule ule waliopelekwa mateka, kwa sababu amani yao imo ndani ya amani yake. Kwa hiyo kabla ya kufika kwenye lile tumaini la kadi za harusi, barua imeshawapa watu kazi ya kufanya kesho asubuhi. Ukianzia mstari wa 11 umepokea ahadi, umeruka kazi.

Koko aliposikia habari ya bustani alicheka, akasema huyo nabii hajafika Goma, akija tumwonyeshe udongo. Anayeujua mji huu anaelewa: ukichimba kidogo unagonga jiwe la volkeno. Lakini mambo yalipotulia kidogo aliokota mifuko ya saruji iliyotupwa, akanunua udongo kwa mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akapanda lenga-lenga, yaani mchicha, kando ya ukuta wetu. Sisemi Biblia ndiyo iliyomfundisha. Wanawake wa mtaa wetu wanapanda kwenye mifuko tangu zamani. Tofauti aliniambia mwenyewe: miaka yote alikuwa anasema atapanda mambo yakiisha. Safari hii hakusubiri yaishe.

Basi ushauri wangu, na mengine yote hapa chini ni matawi yake: soma kitabu kizima, au angalau sura nzima. Mstari mmoja uliokatwa ni rahisi kuufanya useme unachotaka kusikia, na ukishasikia ulichotaka, umebaki pale pale ulipokuwa.

Hili linaonekana zaidi kwenye kilio. Mtu amefiwa, watu wanaingia, wanakaa, na kabla hata ya kumwuliza marehemu aliuguaje wanamwambia asilie, Mungu ana mpango. Kama vile Biblia iliandikwa ili kunyamazisha watu. Fungua Zaburi ya 13: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Huyo analalamika waziwazi, na malalamiko yake yamewekwa kitabuni ili na sisi tuyasome. Ile ya 13 walau inaishia kwa wimbo. Ya 88 haina hata hilo. Inaanza kwa kilio, inaendelea kwa kilio, inaishia gizani, na waliokusanya Zaburi hawakuiongezea mkia wa furaha.

Au chukua Maombolezo. Kanisani tunapenda maneno ya sura ya tatu, kwamba rehema zake hazikomi, ni mpya kila siku asubuhi. Hayo yapo katikati kabisa ya kitabu. Kabla yake kuna mji ulioteketea na watoto wanaozimia kwa njaa njiani. Baada yake kilio kinarudi, na kitabu kinafungwa huku swali likiwa bado mdomoni, kama Mungu amewakataa au la. Jambo lingine ambalo wengi hatuambiwi ni mpangilio wake. Sura ya 1, 2, 4 na 5 zina mistari 22 kila moja, sawa na hesabu ya herufi za Kiebrania; ya 3 ina mistari 66. Na zile nne za mwanzo zinafuata herufi kwa mpangilio wake, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Yaani mtu ameuona mji wake umekwisha, na bado amekaa chini akapanga kilio chake kwa utaratibu mpaka kikapata mwanzo na mwisho. Mimi ni mwalimu, huenda ndiyo maana jambo hili linanigusa. Lakini nimeona pia mtu aliyefiwa akipata nafuu anapoweza kusema lililompata tangu mwanzo hadi mwisho bila mtu kumkatiza.

Mwalimu mwenzangu alipompoteza mtoto wake nilimwazima ile Biblia ya baba, nikaweka karatasi kwenye Zaburi ya 88, sikumwambia neno. Aliporudisha alisema ndiyo pekee aliyoweza kuisoma mpaka mwisho bila kuona kama anadanganywa. Wengine kanisani walinilaumu: zaburi ya giza kwa mfiwa? Mimi bado naona nilimpa inayomfaa. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hapo walikuwa marafiki. Walipoanza kueleza ndipo walipoharibu, na katika sura ya 42 Mungu mwenyewe anawaambia hawakunena yaliyo sawa.

Biblia siyo kitabu pekee kilichonishika mkono, na sioni ubaya kulisema. Kilichonisaidia sana baada ya Mei 2021 ni kusoma historia ya mlima wetu wenyewe. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei usiku, siku chache baadaye tukaambiwa tuhame, nasi tukatawanyika, huyu Sake, yule Minova, wengine Gisenyi, huku ardhi inatetemeka. Mtu akiwa ndani ya jambo kama hilo anadhani ndiyo mwisho wa mji. Kisha unasoma kwamba mlima ulishafanya hivyo mwaka 1977, na kwamba tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaliteketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Na watu walirudi wakayapasua mawe yale yale kujengea kuta. Ukisoma hivyo unatoka nje unatazama ukuta wa jirani kwa macho mengine. Historia haikuahidi chochote. Inakuonyesha kwamba kabla yako walikuwepo wengine, na walifanya hivi na hivi.

Riwaya nazo zina dawa yake. Kijana anayeishi kambini au chumba kimoja na watu wanane anapata saa moja ya kuwa mtu mwingine mahali pengine. Wazazi wanaosema huo ni upotezaji wa wakati waangalie wanavyotumia saa zao wenyewe kwenye simu.

Na hapo niseme ukweli: habari za makundi ya WhatsApp saa tano za usiku nazo ni kusoma. Unasoma "wamefika mahali fulani", sauti ya mtu usiyemjua, picha ya vita vya nchi nyingine. Halafu unashangaa usingizi hauji. Kwetu tumekubaliana baada ya chakula cha jioni hakuna simu mpaka asubuhi, isipokuwa milio ikisikika. Ni amri ndogo na inavunjwa mara kwa mara, hasa na mimi.

Kama una wiki nyingi hulali, unaona picha za yaliyokupata hata mchana, au unawaza kujiua, kitabu hakitoshi. Nenda kituo cha afya, uliza mtu anayewasikiliza watu wenye majeraha ya moyo. Kusoma kutakungoja.

Kuhusu namna, sina mengi. Someni kwa sauti na mwe wawili au zaidi, kwa sababu peke yako utaruka yale usiyoyapenda. Anzeni na vitabu vifupi vinavyomalizika: Ruthu una sura nne, Habakuki tatu, Wafilipi nne, na huyo aliyewaandikia Wafilipi wafurahi alikuwa amefungwa gerezani. Union Version ikiwa ngumu kwa vijana, mmoja asome, mwingine asimulie kwa Kiswahili chetu cha mtaani. Katika kusimulia ndipo utajua nani ameelewa. Msimalize kwa mahubiri. Akitaka mtu kuomba, aombe. Akitaka kunyamaza, aachwe.

Wanafunzi wangu wasiosali wananiuliza wasome nini, kwa kuwa mifano yangu mingi ni ya Biblia. Nawapa kitabu cha Mhubiri, nacho cha Biblia hiyohiyo. Huyo anasema waziwazi kwamba vyote ni ubatili, kwamba mwenye hekima na mpumbavu wanakufa sawasawa, halafu anakwambia ule chakula chako kwa furaha na lolote mkono wako utakalopata kulifanya ulifanye kwa nguvu zako. Ana sura 12. Msikubaliane naye haraka. Pale mnapoona anakosea, andikeni pembeni kwa penseli. Kama Biblia ni ya kuazima, andikeni kwenye daftari.