Wufa ya omu 8 kusoma 6.2 kwenye mita: ni nzima, na hivi ndivyo unavyoipima nyumbani

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Wufa zako mpya (spika za besi) za inchi 12 zimeandikwa omu 8 lakini mita inasoma 6.2, je, umeuziwa feki? Na je, unaweza kufunga nne kwenye amplifaya iliyoandikwa omu 4 hadi 8?

La kwanza jibu lake ni fupi: wufa zako ni nzima. Wufa ya omu 8 kwa kawaida husoma kati ya 5.5 na 7 kwenye mita, na ya omu 4 husoma kama 3 hadi 3.6. Ya kuogopa ni ile ya omu 8 inayosoma 2, maana koili (waya uliosukwa nyuma ya koni) imeshikana, au isiyosoma chochote, maana imekatika. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimeona spika nyingi nzima zikivuliwa koni na kusukwa koili upya kwa sababu ya namba hiyo tu, na spika iliyosukwa ovyo hairudi kuwa ile ya mwanzo.

Ukipima, kwanza gusanisha ncha mbili za mita na uone inasoma ngapi. Mita za bei ya chini huonyesha 0.3 hadi 0.5 kwa sababu ya waya zake. Hiyo unaitoa kwenye jibu. Halafu acha koni itulie. Ukiigusa au muziki ukiwa unalia chumbani, koili inatembea ndani ya sumaku na kuzalisha umeme wake, kwa hiyo namba itarukaruka bila spika kuwa na kosa lolote.

Sasa kwa nini 6.2 na si 8? Mita inatumia umeme wa betri, DC, kwa hiyo inachopima ni ukinzani wa waya wa koili peke yake. Muziki ni AC, umeme wa kwenda na kurudi, na kwenye AC spika ina vizuizi viwili zaidi. Koili ikitembea kwenye sumaku inazalisha umeme unaopingana na ule unaoingia. Unaweza kulisikia hili bila kifaa chochote: gonga kwa kidole koni ya wufa isiyounganishwa na chochote, kisha unganisha ncha zake mbili kwa waya na ugonge tena. Mara ya pili mlio unakatika haraka, kwa sababu umeme ule umepata njia na unaivuta koili isitembee. Kizuizi cha pili ni uviringo wa koili wenyewe, ambao huzidi kuukataa umeme kadiri sauti inavyokuwa nyembamba. Jumla ya vyote hivyo ndiyo impidansi, na inabadilika kila sauti inapobadilika. Kiwango cha kimataifa cha spika, IEC 60268-5, kinataka impidansi isishuke chini ya asilimia 80 ya namba iliyoandikwa. Kwa spika ya omu 8 hiyo ni 6.4. Kwa hiyo “omu 8” ni daraja la spika, na kinachoihusu amplifaya yako hasa ni pale chini kabisa impidansi inapofika.

Kupima hiyo nyumbani unahitaji amplifaya ndogo, simu yenye programu ya kutoa mlio wa Hz (mitikisiko kwa sekunde) unazochagua, rezista nyeupe ya omu 10 ya wati 10, na mita yenye reinji ya AC ya volti 2. Zile mita ndogo za njano za DT830 hazifai kwa kazi hii, kwa sababu reinji yake ya chini ya AC ni volti 200. Funga rezista na spika kwa mfuatano (moja baada ya nyingine) kwenye amplifaya. Weka mlio wa 100 Hz, pandisha sauti taratibu hadi upate kama volti 2 kwenye amplifaya, kisha pima volti juu ya rezista na volti juu ya spika. Volti ya spika gawanya kwa volti ya rezista, zidisha kwa 10: hiyo ndiyo impidansi kwa Hz hizo. Rezista nayo ipime kwanza, maana hizi nyeupe hupishana kwa asilimia 5. Kama ni 10.3 tumia 10.3.

Kuna sababu ya kuchagua omu 10 badala ya 100 au 1000. Mita nyingi za kawaida zinaaminika kwenye AC hadi 400 Hz tu, juu ya hapo zinadanganya. Lakini volti zako mbili zikikaribiana, unazipima kwa reinji moja na kwa mlio uleule, uongo wa mita unaingia kote kuwili na kwenye kugawanya karibu wote unafutika. Nimelinganisha njia hii na kipimo cha kompyuta na tofauti ilikuwa ndogo sana.

Rudia ukianzia 20 Hz hadi 5000 Hz, ukipima kwa karibukaribu chini ya 200 Hz. Wufa ya inchi 12 niliyoipima nje ya boksi ilipanda hadi omu 48 kwenye 45 Hz, ikashuka hadi 6.9 karibu na 180 Hz, kisha ikapanda tena hadi 11 kwenye 1000 Hz. Kile kilele ni pale koni inapopenda kutikisika yenyewe. Ukiiweka kwenye boksi lenye tundu utaona vilele viwili na bonde katikati, na bonde hilo ndilo Hz ambazo boksi limetuniwa. Kwa wanaotengeneza maboksi wenyewe, hiki ni kipimo cha thamani kuliko vyote: kinakuonyesha kama bomba la tundu umelikata urefu sahihi kabla hujapaka rangi.

Mwenye kompyuta anaweza kutumia programu ya bure ya kupima sauti ya REW na kadi ya sauti ya USB yenye ingizo mbili, akapata mchoro mzima kwa sekunde chache. Tahadhari moja: amplifaya nyingi za kisasa, hasa za gari na zile za daraja D (Class D), ncha zote mbili za spika zina umeme. Ukiunganisha waya wa ardhi wa kadi ya sauti hapo, utaichoma amplifaya. Mita ya betri haina tatizo hilo.

Twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) yenye kapasita kwa mbele haitasoma chochote kwenye omu za DC, na twita za piezo hazina koili kabisa. Zote mbili usizitupe kwa sababu hiyo. Zile spika za mdomo za misikitini na makanisani zenye transfoma ni habari nyingine. Kwenye mfumo wa volti 100, tapi (ncha ya transfoma ya kuchagulia wati) ya wati 10 ni omu 1000, ya wati 30 ni omu 333, ingawa mita ya DC itasoma namba ndogo zaidi sana. Hizo unajumlisha wati zake zote zisizidi za amplifaya.

Sasa wufa zako nne. Ukizifunga zote sambamba (chanya zote pamoja, hasi zote pamoja) unapata omu 2, na pale chini kabisa zinaweza kufika 1.6. Amplifaya ikitoa volti 20, kwenye omu 8 inatoa ampia 2.5, kwenye omu 2 inatoa ampia 10. Hapo ndipo zile jozi za transista za kutoa sauti, 2SC5200 na 2SA1943, zinapoungua, mara nyingi saa chache baada ya sherehe kuanza, joto likishajaa. Funga mbili kwa mfuatano, nyingine mbili kwa mfuatano, kisha jozi hizo mbili sambamba: unarudi kwenye omu 8. Kama amplifaya ina chaneli mbili, weka mbili sambamba kila upande, yaani omu 4 kwa chaneli, lakini fanya hivyo tu ukishajua wufa zako zinashuka hadi ngapi.

Ukishapima, weka hapa namba ya chini kabisa uliyopata na Hz zake, na useme kama wufa ilikuwa ndani ya boksi au nje, nikusaidie kuchagua kati ya ufungaji huo wa aina mbili.