Uliza Ujibiwe: Mkokoteni wa Kuni

Mafundi, assalamu alaykum. Nimetengenezesha mkokoteni kwa fundi wa kuchomelea, akaufunga magurudumu ya mbele ya pikipiki. Nachukulia kuni kutoka shamba, njia ya mawe matupu. Spoki hazishi kukatika, na gurudumu la kushoto sasa linayumba. Fundi anasema nipunguze mzigo tu. Ni kweli?
Msomaji, Makunduchi

Waalaykumu ssalaam. Mzigo ni sehemu tu ya tatizo. Pikipiki ikikata kona hulala, kwa hiyo uzito hupita wima ndani ya gurudumu. Mkokoteni haulali. Ukigeuza, au upande mmoja ukiingia shimoni, ringi husukumwa ubavuni, na spoki hazikufanywa kwa kazi hiyo. Kisha tazama ekseli. Kwenye pikipiki imeshikwa ncha zote mbili. Mafundi wengi huichomelea upande mmoja, ncha ya pili ikabaki inaning'inia. Hiyo hupinda, na ndiyo tunayoishuku kwa gurudumu lako la kushoto.

Upime kabla ya kulipa fundi. Inua mkokoteni juu ya tofali, shikilia kijiti karibu na ringi, zungusha. Ikigusa na kuachia, ringi imepinda. Kama haigusi lakini gurudumu linacheza ukilishika juu na chini, beringi zimekwisha. Dawa ya ekseli ni kuongeza bapa la chuma upande wa nje, ili kila gurudumu likae ndani ya uma, na nati ikazwe juu ya washa ya springi. Spoki iliyokatika ibadilishwe siku hiyohiyo: jirani zake ndizo zinazobeba mzigo wake, na ndizo zitakazofuata.

Hata hivyo, fundi wako hakukosea kabisa. Sanduku la mita 1.2 kwa 0.8, kuni zikipangwa hadi nusu mita, hubeba kiasi cha kilo 250 za mwembe mbichi. Kuni hizohizo zikikauka hushuka chini ya 200. Zipasue, uziache shambani juu ya magogo mawili zisiguse ardhi, makuti juu tu, ubavuni pawe wazi upepo upite. Kusukuma maji yaliyomo ndani ya kuni mbichi hadi nyumbani ni kazi ya bure.

Huku kwetu vilima vitupu. Nikipanda na kuni, mkokoteni unataka kuniinua, nikishuka unanikimbiza. Nipakie vipi?
Msomaji, Mkoani, Pemba

Kwanza ijue ekseli iko wapi chini ya sanduku, uipigie alama ya rangi ubavuni. Pahala tambarare, katikati ya uzito iwe mbele ya alama, upande wako, kwa sentimita 10 hivi. Kwa mzigo wa kilo 200, na mikono iliyo mita 1.6 kutoka ekseli, utashika kilo 12 na nusu. Ukizidisha hadi sentimita 30 utashika kilo 37 na nusu, na hapo mgongo hautakusamehe.

Kilimani hesabu hubadilika. Mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 5, mzigo ulio juu ya ekseli kwa sentimita 40 hurudi nyuma sentimita 8. Zile 10 zako karibu zote zimekwenda, ndiyo maana unainuliwa. Basi magogo mazito yalale chini kabisa, vijiti juu, na kabla ya kupanda sogeza magogo mawili matatu mbele.

Kushuka usiwe peke yako. Mkokoteni na mzigo wa jumla ya kilo 250 utakusukuma mteremkoni hapo kwa karibu kilo 50, na ukiteleza utapita juu yako. Mwenzio ashike kamba nyuma, na kabari ya mti iwe tayari mkononi mwake. Masika, udongo ukiwa mwekundu na utelezi, punguza mzigo nusu.

Nashuka nao pwani kupokea kuni za dau. Beringi zinalia.
Msomaji, Micheweni

Maji ya chumvi yameingia. Kama beringi ina kifuniko cha mpira pande zote mbili, usihangaike nayo, nunua nyingine. Wakati wa kuiingiza gonga pete ya nje, kamwe si ya ndani. Ikiwa ni ya wazi, ioshe kwa mafuta ya taa, ikaushe, uijaze grisi hadi ifurike. Kwenye gari la mwendo kasi grisi nyingi hupasha moto. Kwenye mkokoteni huzuia maji. Kila ukitoka pwani mwagia maji baridi, yasiyo ya chumvi, ekseli na maungio ya kuchomelea kwanza. Mchangani punguza upepo wa matairi kiasi cha theluthi, na uurudishe ukifika barabarani, la sivyo tyubu itachanika penye valvu.

Kamba ipi ya kufungia?
Msomaji, Chwaka

Ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Inavutika kidogo kuni zikishindiliana njiani, na fundo lake halitelezi kama la plastiki. Simama kati ya njia uikaze tena.